Nyumba ya Miti na Udongo: Viungo Vyake, Majina Yake na Ukongwe Wake

Mtu apitaye katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, toka Lamu hata Kilwa, hutazama kwanza nyumba za mawe. Huzitazama nakshi za milango, na madaka ya kutani, na misikiti yenye mihirabu ya kuchongwa, kisha huandika habari zake vitabuni. Lakini nyumba ya miti na udongo, iliyo kando ya ile ya mawe, huipita bila kusimama. Huiita kibanda, au nyumba ya maskini, au nyumba ya muda tu. Hata walimu wetu wengi, waliozaliwa ndani yake, wamejifunza kusema hivyo.

Kusudi la makala hii ni kuonyesha ya kwamba hukumu hiyo si ya haki. Nyumba ya miti na udongo ni kazi ya ufundi yenye kanuni zake. Kwa kuzaliwa ni kaka wa nyumba ya mawe, wala si mdogo wake. Tena, mwalimu asiyejua viungo vyake na majina yake hujikwaa mahali asipopadhania, yaani katika kuwafafanulia Neno la Mungu watu wakaao ndani yake. Nitaeleza kwanza jinsi inavyosimama, halafu majina yake, halafu historia yake. Na mwisho nitarudi kwenye kazi yetu ya kufundisha.

1. Jinsi nyumba inavyosimama

Nyumba ninayoisema ni ile ya pwani ya pembe nne, yenye paa la makuti lishukalo mbele na nyuma. Sisemi habari za msonge, ambao ni wa mviringo, wala za tembe, ambalo paa lake ni la udongo. Hizo zina kanuni nyingine, na zastahili makala zao wenyewe.

Fundi huanza kwa kupima. Zamani alipima kwa mwili wake mwenyewe: kwa shibiri, yaani toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, kwa mkono, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, ambao ni shibiri mbili, na kwa pima, ambayo ni mikono minne, urefu wa mikono yote miwili ya mtu ikinyoshwa huku na huku. Huvuta kamba toka pembe hata pembe, hutia vigingi, kisha huchimba mashimo. Katika mashimo hayo husimika nguzo, na udongo hushindiliwa kwa nguvu kuzunguka miguu yake. Hapana msingi mwingine. Mguu wa nguzo uliomo ardhini ndio msingi wa nyumba nzima.

Nguzo za kuta huwa fupi, na mara nyingi huchaguliwa zenye panda juu, ili panda hiyo ipokee mti mrefu ulazwao toka nguzo hata nguzo. Mti huo ulalao juu ya nguzo huitwa mwamba, wingi miamba. Toka mwamba wa mbele hata mwamba wa nyuma hulazwa miti ya kukingama, nayo huitwa mitambaa panya. Na mtu aliyelala usiku katika nyumba hiyo akiwasikia panya wakipita juu ya kichwa chake hahitaji kuelezwa asili ya jina hilo. Katikati ya kila mtambaa panya husimamishwa kiguzo, yaani nguzo ndogo isiyogusa ardhi, na juu ya viguzo hulazwa mwamba wa juu, ambao ndio mgongo wa nyumba. Katika nyumba nyingine hapana viguzo, bali nguzo ndefu za katikati hutoka ardhini na kuupokea mgongo moja kwa moja.

Hapo ndipo fundi aanzapo kupaua. Hulaza makombamoyo, yaani miti ya kushuka, toka mgongoni hata kupita mwamba wa ukuta, na kuacha ncha zitokeze nje. Juu ya makombamoyo hufunga pao, ambazo ni miti myembamba ya kukingama, zikifuatana kwa karibu. Katika kazi hii yote ya asili hamna msumari hata mmoja. Kila kiungo hufungwa kwa kamba, na iliyo bora ni kamba ya makumbi ya nazi. Kufunga huku kwafaa kwa mti usionyoka. Kamba hufuata mpindo wa mti na kuushika popote, na upepo ukiitikisa nyumba, viungo hulegea kidogo na kurudi mahali pake.

Kisha nyumba huezekwa. Makuti ya kuezekea ni makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa pamoja. Mwezekaji huanza chini, kwenye michirizi, akapanda kwenda juu, na kila safu huifunika ile ya chini yake kama magamba ya samaki, maji yasipate njia ya kuingia. Mapaa mawili makubwa, la mbele na la nyuma, huezekwa kwanza. Pande mbili za ubavuni hufunikwa kwa mapaa madogo yaliyosimama wima zaidi, yanayoingia chini ya ncha za paa kubwa. Haya ndiyo visusi. Kati ya kisusi na paa kubwa hubaki uwazi, na hapo ndipo hewa ya moto na moshi hutoka, bila mvua kuingia. Kitu kidogo hiki chaonyesha akili iliyomo katika kazi yote.

Sasa msomaji aangalie jambo moja. Nyumba imekwisha ezekwa, lakini ukuta haujaanza! Mgeni aliyezoea nyumba za mawe hustaajabu kuona paa limesimama juu ya miti mitupu, na watu wamekaa kivulini wakifanya kazi. Lakini mpango huu ni wa busara, maana udongo wataka kukauka polepole bila kunyeshewa. Kati ya nguzo kubwa huongezwa vijiti vya kusimama, kisha fito hufungwa ndani na nje, moja juu ya moja, hata ukuta unakuwa kama tenga kubwa lenye uwazi katikati. Udongo hukandwa kwa maji na kukanyagwa kwa miguu, halafu hujazwa katika uwazi ule kwa mikono. Penye mawe, mawe madogo hutomewa pamoja na udongo. Mwisho ukuta hukandikwa nje na ndani ulingane, na mwenye uwezo huusiriba kwa udongo laini au kwa chokaa.

Siku ya kukandika haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenye nyumba aliwaita jirani na jamaa, vijana wakakanyaga udongo, wengine wakachota maji, naye akapika chakula cha kuwatosha. Kesho yake deni lilikuwa juu yake, kwenda kukandika kwa mwenziwe.

Basi kanuni kuu ya nyumba hii ni hiyo: ukuta haubebi kitu. Mzigo wote wa paa hushuka toka pao kwenda kombamoyo, toka kombamoyo kwenda mwamba, toka mwamba kwenda nguzo, na toka nguzo kwenda ardhini. Masika yakiangusha ukuta, nyumba husimama, na watu hukandika tena. Nguzo zikioza, ukuta mzima hausaidii kitu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo ya nyumba za miti za Uingereza na Ujerumani za zamani, ambazo nazo zina miti ya kubeba, na kati ya miti hiyo fito na udongo wa kujaza. Padre mgeni aliyetoka katika kijiji cha namna hiyo angeweza kuitambua nyumba ya pwani kuwa ya ukoo mmoja na ya babu zake, kama angeitazama mifupa yake kabla ya ngozi.

Ndani, mpango ujulikanao sana ni huu. Mlango wa mbele huingia ukumbini, na ukumbi huo hupita katikati ya nyumba hata nyuma. Vyumba viko kuumeni na kushotoni. Nyuma kuna ua, penye jiko na choo, ndipo mahali pa wanawake na kazi zao. Mbele kuna baraza, chini ya upenu, na hapo wageni hukaribishwa. Upenu huwapa watu kivuli. Tena huukinga mguu wa ukuta na mvua, maana udongo haupatani na maji.

2. Majina na asili yake

Tukitazama lugha, twaona ushahidi wa ukongwe wa nyumba hii. Siku hizi twasema kujenga kwa kila namna ya kazi: kujenga nyumba, kujenga daraja, hata kujenga taifa. Lakini kamusi za zamani zatofautisha maneno mawili. Kujenga kulikuwa kufanya nyumba ya miti. Kazi ya mawe na chokaa iliitwa kuaka, na mwenye kuifanya ni mwashi, wingi waashi. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Unguja, alilitia neno hilo la kuaka katika kitabu chake cha lugha cha 1870. Neno kuaka sasa limekaribia kusahauliwa, na mtoto wake mwashi amebaki peke yake bila kujua mama yake. Neno la kazi ya miti ndilo lililoshinda, hata mtu akimwaga zege la saruji husema anajenga.

Lugha za jirani zatusaidia kuelewa zaidi. Wazigula na Wabondei husema kuzenga, nalo ni neno lile lile la kujenga. Wakikuyu husema gwaka kwa kujenga nyumba yoyote, na nyumba yao ya asili ilikuwa ya miti na nyasi. Kwa hiyo hata neno kuaka halikuzaliwa pamoja na mawe. Ni neno la Kibantu ambalo watu wa pwani walilichukua toka katika urithi wao, wakalipa kazi mpya walipoanza kujenga kwa mawe ya baharini. Mjenzi wa mawe hakuja na lugha yake yote toka ng'ambo. Alikuwa na neno lake nyumbani.

Tukiendelea kutazama viungo, twaona nguzo, mwamba, ufito, paa, mgongo, ukuta na mlango kuwa maneno yenye sura ya Kibantu. Tukiingia nyumba ya ghorofa, maneno ya kigeni huongezeka. Sakafu ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni paa. Nalo limegeuka kuwa jina la mahali pa kukanyaga, kwa kuwa dari ya chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Mhimili umetoka katika neno la Kiarabu la kubeba. Dirisha na roshani asili yake ni Kiajemi. Sitaki msomaji adhani ya kwamba mfano huu ni sheria isiyo na kinyume. Lakini mwelekeo wake ni wazi: lugha ilikuwa imekwisha kuwa na nyumba kamili kabla ya kuazima maneno ya ghorofa.

Neno mwamba lataka maelezo zaidi. Mwamba wa nyumba yaelekea umetoka katika kuwamba, yaani kuvuta kitu na kukikaza juu ya kingine, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Na kiwambaza, yaani ukuta wa fito na udongo, ni wa jamaa hiyo. Lakini mwamba pia ni jiwe kubwa, hasa jiwe la baharini ambalo vyombo huvunjika juu yake. Maneno mawili yamekutana katika sauti moja. Tutaona baadaye jinsi jambo hili linavyotugusa.

Tena kuna majina ya biashara. Miti iliyo bora kwa nyumba ya pwani ni ile ya mikokoni, itokayo katika maji ya chumvi: mkoko wenyewe, na mkandaa, na msindi, na mingineyo. Ni migumu na mizito, na mchwa hawaipendi kama wapendavyo miti ya porini. Wakataji wa Lamu huipanga kwa unene na kuipa kila daraja jina lake. Nyembamba kabisa ni fito. Kisha pao, ambazo wao huziita pau. Kisha mazio, zenye unene wa kama sentimita 8 hata 11. Kisha boriti, za kama sentimita 11 hata 14. Na zilizozidi hapo ni nguzo. Huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Basi mti ungali na magome yake, umelala ufukoni, na tayari jina lake limekwisha kusema utakaa wapi katika nyumba.

3. Historia

Nyumba ya udongo haiachi magofu. Ikiachwa, kuta zake hurudi kuwa ardhi, na mtu hupita juu yake asijue. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kale waliyatazama mawe peke yake, wakasema miji ya pwani ilianza na mawe, na iliyoanza na mawe yamkini ilianzishwa na wageni. Lakini nguzo ikioza ndani ya shimo lake huacha alama: udongo uliojaa mahali pake huwa na rangi nyingine, na mchimbaji mwenye subira aweza kuiona duara ile na kuipima.

Jambo hili lilionekana wazi huko Shanga, katika kisiwa cha Pate. Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba chini ya gofu la msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe waliona misikiti mingine ya kale zaidi, mmoja chini ya mwingine, na iliyo chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ambayo haikubaki ila kwa mashimo ya nguzo zake. Ya kwanza yahesabiwa kuwa ya karne ya 8. Nyumba za mji nazo zilikuwa za miti na udongo kabla ya mtu kuzijenga kwa mawe. Basi mahali pale pale, vizazi kwa vizazi, mti ulitangulia na jiwe likafuata.

Waandishi wa Kiarabu washuhudia jambo hilo hilo. Ibn Batuta wa Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisema misikiti ya Mombasa ni ya miti, nayo imejengwa kwa ustadi. Kilwa aliusifu kuwa mji mzuri sana, uliojengwa vema, akasema ya kuwa majengo yake ni ya miti. Watu wamestaajabia neno hili, kwa sababu wakati ule Kilwa ulikuwa na msikiti mkubwa wa mawe, na jumba la Husuni Kubwa karibu yake. Lakini mji si jumba moja. Jirani na Kilwa, katika magofu ya Songo Mnara, uchimbaji wa karibuni umeonyesha nyumba za udongo zilizosimama katika mji mmoja na zile za mawe. Msafiri aliyekuwa ameona Makka na Dameski aliutazama mji wa miti akauita mzuri. Sisi tuliozaliwa humo twaona haya kwa nini?

Wala mti wa pwani haukubaki pwani. Al-Istakhri, mwandishi wa karne ya 10, asema nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa toka nchi ya Zanji, yaani pwani yetu. Biashara hiyo ilidumu miaka elfu. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait hata mlango wa mto Rufiji, akaona mabaharia wakikata na kupakia boriti matopeni, na baadaye akaandika kitabu juu ya safari ile. Nchi za Ghuba hazina miti mirefu. Dari za Kuwait, Bahrain na Oman zililala juu ya mikoko ya Lamu na Rufiji. Mafuta na saruji viliipunguza biashara hiyo, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ilikataza kupeleka boriti nje ya nchi, ili kuihifadhi mikoko.

Hata nyumba ya mawe yenyewe haikujitoa katika utawala wa mti. Dari yake ni boriti zilizolazwa toka ukuta hata ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Boriti haiwezi kubeba mzigo huo ikiwa ndefu kupita kiasi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja huwa virefu lakini vyembamba, upana wake kama meta 2 na nusu au karibu 3. Mwenye nyumba aweza kuwa tajiri kama apendavyo. Upana wa chumba chake huamriwa na mkoko. Na wajenzi wa Ghuba, walionunua boriti zile zile, walipata vyumba vya upana ule ule.

4. Ukongwe wa nyumba isiyo na mti wa kale

Hapa huenda mtu akauliza: nyumba hii yawezaje kuitwa ya kale, na makuti yake hayadumu ila miaka michache, na udongo wake hutengenezwa kila baada ya masika? Swali ni la haki. Adui wa nguzo ni wawili, maji na mchwa, nao huipigania mahali pamoja, yaani pale itokapo ardhini. Juu hukauka, chini kabisa hukosa hewa; lakini pale kati unyevu huja na kwenda, na mti huoza. Wajenzi wa Ulaya waliokuwa wakizika nguzo zao ardhini waliipata hasara hiyo hiyo. Hatimaye waliinua miguu ya nguzo na kuiweka juu ya mti uliolazwa juu ya mawe, na kwa hiyo nyumba zao nyingine zimekaa zaidi ya miaka 500.

Mjenzi wa pwani alichagua njia nyingine. Aliijenga nyumba ambayo kila kiungo chake chaweza kutolewa peke yake. Nguzo moja ikioza, mwamba hutegemezwa kwa mti wa muda, nguzo hung'olewa, na nyingine husimikwa, watu hawahami. Makuti huezuliwa na kuezekwa upya. Ukuta wenye ufa huzibwa mapema, maana methali yatuonya ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na aliyeitunga methali hiyo alikuwa akiutazama ukuta wa namna hii. Kwa hiyo nyumba yaweza kukaa mahali pamoja tangu babu hata mjukuu, hali haina mti hata mmoja uliokatwa na babu. Kilicho cha kale ndani yake ni mpango na majina. Hayo hayaliwi na mchwa, lakini huliwa na usahaulifu.

Na usahaulifu umeanza. Bati limeyafukuza makuti, na msumari umeifukuza kamba; pasipo makuti hapana haja ya pao nyingi, na pasipo pao nyingi jina lake latoka kinywani. Kijana aliyelelewa chini ya bati na matofali ya saruji huenda asijue kombamoyo ni nini. Siwalaumu watu kwa kupenda bati. Halishiki moto kama makuti, wala halitaki kuezekwa tena baada ya miaka michache. Lakini kitu kinapoondoka, si lazima jina lake na akili yake viondoke pamoja nacho.

5. Faida kwa mwalimu

Sasa narudi kwenye kazi yetu. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 7, Bwana wetu asema juu ya mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Mwalimu husoma na kupita. Lakini fundi wa nyumba ya miti aliyeketi kanisani husikia nini? Huenda akaona mashaka mawili. La kwanza ni la neno: mwamba aujuao yeye uko juu ya nguzo, nao hubeba paa, nyumba ijengwayo juu yake ni nyumba gani? La pili ni la kazi: hata akijua ya kwamba jiwe ndilo lisemwalo, ajua pia ya kwamba juu ya jiwe gumu shimo la nguzo halichimbiki, na nguzo isiyo na shimo huangushwa na upepo wa kwanza. Kwake yeye, mjenzi wa juu ya jiwe ndiye asiye na akili!

Dawa yake iko karibu. Luka, katika mlango wa 6, atuambia ya kwamba mtu yule alichimba chini sana, akauweka msingi juu ya jiwe. Neno hili la kuchimba fundi wetu hulielewa mara moja. Mwalimu na aeleze kwanza nyumba za Wayahudi zilivyokuwa za mawe, kisha aseme: kama wewe uchimbavyo shimo hata ufikie ardhi isiyotikisika, usiridhike na mchanga wa juu, ndivyo alivyofanya yule. Hapo mfano husimama imara. Kadhalika katika Mathayo, mlango wa 16, juu ya Petro na Kanisa, mwalimu ataje wazi kwamba ni mwamba wa jiwe, asimwachie msikiaji nafasi ya kutazama darini.

Maneno mengine yatufaa kuliko yanavyowafaa watu wa nyumba za mawe. Mtume Paulo, katika Wagalatia, mlango wa 2, awataja Yakobo, Kefa na Yohana kuwa walidhaniwa kuwa nguzo. Katika nyumba ya mawe nguzo mara nyingi ni pambo la ukumbi. Ukuta ndio ubebao. Katika nyumba yetu nguzo ndiyo nyumba. Msikiaji hahitaji kufundishwa uzito wa neno hilo. Vivyo hivyo mtu aliyewahi kuchukua boriti begani toka matopeni hata mjini, akisikia ya kuwa na boriti jichoni mwake, hacheki sana; huona aibu upesi.

Habari ya mwenye kupooza, katika Marko, mlango wa 2, nayo yataka maelezo. Tafsiri yetu ina neno dari. Mtu wa nyumba ya mawe huelewa, maana dari yake ni tambarare, ya boriti na udongo au chokaa, na watu waweza kupanda juu yake. Mtu wa paa la makuti huuliza wale wanne walisimama wapi. Mwalimu amwonyeshe dari ya nyumba ya mawe iliyo karibu, na jambo litakuwa wazi. Na pale ambapo Ayubu, mlango wa 4, asikia habari za wanadamu wakaao katika nyumba za udongo, ambazo msingi wake u katika mavumbi, hapana haja ya kueleza kitu. Watu wetu wamelala ndani ya mstari huo tangu kuzaliwa kwao.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu walimu na makasisi: msiione nyumba hii kuwa aibu ya kufichwa mbele ya wageni. Methali yasema nyumba njema si mlango. Mlango wa nakshi ni kazi nzuri, lakini haubebi paa. Ingieni ndani, tazameni juu, mkamwulize mzee aliyejenga: mti huu jina lake nani, na ule, na kwa nini umefungwa hivi? Andikeni majibu yake kama alivyosema, pamoja na jina la mahali, kwa kuwa kombamoyo la Unguja huenda lina jina lingine Tanga, na lingine Lamu. Wapeni watoto wa shule kazi ya kuchora nyumba za nyanya zao na kutia majina ya viungo vyake. Kazi hiyo haina gharama, bali ina haraka, maana fundi mzee hangoji. Akifa pasipo kuulizwa, nyumba yake yaweza kujengwa tena kwa saruji, lakini maneno yake hayatapatikana.